Vyeti Vidogo vya Sallapampa

Manispaa ya Sallapampa inayo furaha kuu kuutangazia ulimwengu kwamba mafahali wawili sasa wanakaa zizi moja.

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti uwanjani, mbele ya bendi ya shule, padri, mbwa kadhaa na akina mama wauza uji wa api, na aliyelisoma alikuwa Msomi Heriberto Zenteno, Kaimu Mkurugenzi wa Mageuzi ya Kidijitali. Mafahali wenyewe walikuwa ndani ya kompyuta za manispaa. Fahali wa kwanza ni mfumo endeshi wa zamani, ule wa kulipia, ambao leseni yake ilikwisha enzi za meya aliyepita na hakuna aliyethubutu kuiulizia. Fahali wa pili ni mfumo huria, uliotengenezwa na watu wengi wasiojuana ambao, kwa sababu wanazozijua wenyewe, waliamua kuugawa bure. Wakubwa wa La Paz walikuwa wameagiza mfumo huo ujaribiwe kando ya ule wa zamani, ndani ya kompyuta zilezile, bila kumfukuza yeyote. Mpango ukaitwa Mpango wa Kuishi Pamoja kwa Mifumo Endeshi. Mitaani uliitwa uke wenza.

Msomi Heriberto aliusoma ukurasa mzima bila kukohoa, maana alikuwa na sababu yake. Alikuwa kaimu kwa mwaka wa tisa. Alikuwa amekaimu barabara, amekaimu makaburi, amekaimu mapambano dhidi ya mbwa wa mitaani, na kila meya alipoondoka alimwachia ahadi ileile ya kuthibitishwa kazini. Nyumbani mambo hayakuwa na nafuu. Mama mkwe wake alipokuwa na wageni alimtambulisha kama kaimu mkwe. Heriberto alicheka pamoja na wageni, kisha alienda uani kuzungumza na sungura.

"Huu mpango ukifaulu, Msomi," Meya Abundio Terrazas alimwambia siku ile wakishuka jukwaani, "nakuthibitisha. Neno langu."

"Kwa maandishi, Mheshimiwa?"

"Kwa maandishi, muhuri, na picha gazetini."

Kazi ya kuwaingiza mafahali zizini ilifanywa na Injinia Ondarza, kijana mwembamba aliyeletwa kutoka Cochabamba. Alipomaliza aliwakusanya wakuu wa idara mbele ya kompyuta moja akaiwasha. Kwenye skrini nyeusi yakatokea majina mawili, moja juu ya jingine.

"Inawauliza mnataka upi," Ondarza alisema. "Mnazo sekunde kumi. Msipochagua, inachukua wa juu. Ule mpya ndio uko juu."

"Kwa nini mgeni awe juu ya mwenyeji?" aliuliza Meya.

"Ndivyo ulivyokuja, Mheshimiwa. Mgeni anatangulia."

"Na anayeulizwa ni nani hasa?" aliuliza Heriberto.

"Aliyekaa mbele yake."

"Hata karani?"

"Hata paka, akikanyaga kibonyezo."

Ieleweke kwamba tangu Sallapampa ipewe hadhi ya manispaa, hapajapata kuamuliwa jambo ndani ya sekunde kumi. Rangi ya mlango wa choo cha ghorofani iliwashinda mameya wawili, na hadi leo mlango huo hauna rangi, wala hauna mlango. Kumwachia karani achague peke yake, tena asubuhi, kabla hajanywa chochote, ulikuwa ni uzembe ambao uongozi haungeweza kuuvumilia. Papo hapo ikaundwa Kamati ya Sekunde Kumi.

Kamati ilifanya kazi kwa moyo. Wajumbe saba walikaa mbele ya kompyuta, mwenyekiti akaamuru iwashwe, majina mawili yakatokea, mwenyekiti akasimama akasema, "Ndugu wajumbe, kabla hatujaanza ningependa tuwakumbuke wenzetu waliotangulia," na mashine ikachukua wa juu. Wakaizima. Wakawasha tena. Safari hii mwenyekiti aliruka marehemu, akaingia moja kwa moja kwenye kusoma akidi, na mashine ikachukua wa juu. Wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba kompyuta ina haraka isiyo ya kawaida na kwamba ilikuwa ikifikia maamuzi bila akidi. Kwa hiyo Sallapampa ikawa inautumia mfumo huria kila siku, kwa kauli moja, bila mtu yeyote kuuchagua.

"Kuna jambo moja limebaki," Ondarza alisema akifunga sanduku lake. "Printa yenu haijaelewana vizuri na mfumo mpya. Inapunguza ukubwa. Nipeni nusu siku."

Heriberto alifungua jalada. "Posho yako imeishia saa sita mchana, Injinia."

"Nitakaa bure, si kitu."

"Kukaa bure si utaratibu."

"Msomi, hii programu yenyewe ni ya bure."

"Programu haikusaini kitabu cha wageni," alisema Heriberto kwa upole, maana si mtu mbaya. Basi la mchana likaondoka na Injinia, na nusu siku yake ikaondoka naye.

Mtu wa kwanza kufaidi matunda ya kuishi pamoja alikuwa Doña Remigia Yapura, ambaye miaka yote ameuza api kwenye kona ya uwanja, uji wa zambarau ule mzito, na maandazi yake ya jibini. Alikuja na kofia yake ya duara, akanyoosha sketi zake, akalipia kibali cha kona. Printa ikakohoa. Karatasi ikatoka, na katikati ya ule weupe wote palikuwa na kibali kamili, chenye nembo ya manispaa, jina, namba na nafasi ya muhuri, chenye ukubwa wa stempu ya posta.

Karani alikikata kwa mkasi akampa. Doña Remigia alikiweka kwenye kiganja, akakisogeza karibu na macho, akakipeleka mbali.

"Mwanangu, hiki kitakua?"

"Ndicho chenyewe, mama."

"Hebu niitie mkubwa wako."

Heriberto alikuja akaeleza. Manispaa inaheshimu uhuru wa raia. Kama mama hapendi kibali kidogo, kompyuta inaweza kuzimwa na kuwashwa upya kwa mfumo wa zamani, ambao hutoa kibali kikubwa kwa raha zake, ila kwa sababu ya lile suala dogo la leseni, kila karatasi inayotoka huko hupigwa maandishi mekundu kutoka pembe hadi pembe: NAKALA HII SI HALALI.

"Kwa hiyo nichague," alisema Doña Remigia polepole, "kikubwa cha uongo au cha kweli kisichosomeka."

"Huo ndio uhuru, Doña Remigia."

"Haya. Nipe hicho cha kweli. Vya uongo nimeshapewa vingi na ofisi hii."

Akakiingiza kwenye kifuko cha majani ya koka, akaenda zake.

Sasa, mahali pengine tatizo hilo lingekuwa la printa tu. Sallapampa vitu vidogo vina siku yake. Ikifika tarehe ishirini na nne Januari, siku ya Alasitas, uwanja hujaa meza za vitu vinavyoingia kiganjani: nyumba ya ghorofa, lori lenye shehena, gunia la mchele, shahada ya udaktari, hati ya ndoa, noti za boliviano ndogo kama kucha. Mtu hununua anachokitamani, saa sita kamili hukifukizia ubani na kukinyunyizia pombe na maua, na kabla mwaka haujaisha kile kikubwa humjia, akiwa na imani. Kila mtoto analijua hilo. Kwa hiyo watu walipoanza kutoka manispaa na vyeti vya ukubwa wa stempu, hawakuhitaji kuelezwa. Manispaa ilikuwa imeacha kutoa vibali, sasa inatoa matumaini. Wazee walisema hawaoni tofauti.

Mgambo wa soko ndio walioonyesha ukali. Walifika kwenye kona ya Doña Remigia, wakakigeuza kibali chake kwa ncha ya kidole.

"Bibi, hiki ni cha Alasitas. Kifukizie ubani, kikubwa kikija tutakuachia."

"Someni namba yake!"

"Namba ipi? Hiyo si ni alama ya nzi?"

Wakabeba sufuria zake mbili na jiko. Na kwa kuwa kona haiwezi kukaa wazi, kabla wiki haijaisha likasimama pale banda jipya lililopakwa rangi ya buluu, lenye mashine ya fotokopi na bango: TUNAKUZA VYETI VYA MANISPAA, HARAKA NA KWA UAMINIFU. Mwenye banda alikuwa shemeji yake Meya. Meya alipoulizwa alijibu kwamba huo ndio uchumi wa kidijitali na kwamba yeye binafsi alishangaa kama sisi.

Doña Remigia alikwenda manispaa kila siku ya juma lile. Heriberto alimsikiliza kila siku, akamhurumia kweli, akamwandikia barua ya kumtambulisha kwenye idara ya vyombo vilivyokamatwa. Barua ilitoka ndogo kuliko kibali.

"Msomi," alimwambia siku ya mwisho, bila hasira, "wewe hufanyi ubaya. Wewe ni kama mlango. Anayekusukuma ndiye anayepita."

Heriberto alikasirika kutwa nzima, na hakujua kwa nini.

Ndipo simu ikapigwa kutoka La Paz. Mkaguzi wa Kuishi Pamoja, Wakili Ninfa Urquidi, angefika tarehe ishirini na nne, siku yenyewe ya sherehe. Wakili huyo alijulikana milimani kote. Husoma kila neno. Inasemekana aliwahi kuifunga manispaa moja kwa sababu ya mkato.

Meya alimwita Heriberto, akafunga mlango.

"Msomi, huyu mama akikuta raia wanalia na vyeti vya kuchezea, tumekwisha. Mimi, wewe, na shemeji ambaye simjui."

"Tumrudishe Ondarza, Mheshimiwa. Ni kazi ya nusu siku."

"Tukimrudisha tutakuwa tumekiri. Wewe nitafutie njia ya kisheria. Na ili ufanye kazi kwa moyo," Meya alinyanyua simu kumwita karani wake, "barua yako ya kuthibitishwa inachapwa sasa hivi."

Ikaletwa. Ilikuwa na nembo, saini ya Meya na muhuri uliokuwa mkubwa kuliko barua, hivyo sehemu kubwa ya muhuri ilibidi ipigwe mezani. Heriberto aliishika kwa vidole viwili. Kwa kuikodolea macho karibu na dirisha aliweza kusoma jina lake, na baada ya jina lake, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, halikuwepo lile neno *kaimu*. Machozi yakamtoka. Aliipeleka nyumbani ndani ya kiberiti.

"Umenunua kwa nani?" aliuliza mama mkwe wake. "Mbona meza hazijapangwa bado uwanjani?"

"Ni ya kweli, mama."

"Ndiyo, baba. Ukiwa na imani."

Siku ya pili yake Heriberto aliandika Amri ya Manispaa kwa moyo wote wa mtu anayetetea mtoto wake. Amri ikasomwa kwa kipaza sauti uwanjani, mara tatu, mbele ya bendi ileile. Ilisema kwamba udogo wa karatasi haupunguzi uzito wake. Kwamba karatasi yoyote, hata iwe ndogo kiasi gani, ikiwa na nembo ya Sallapampa, jina la mhusika, saini ya Meya na muhuri wa Meya, ni karatasi kamili, na haki iliyoandikwa humo inaanza mara moja. Kwamba mtumishi atakayeikataa, kuicheka, au kuiita ya Alasitas, atakuwa amefukuzwa kazi.

"*Yoyote*," Meya alirudia akisaini. "Neno zuri hilo. Linafunga midomo."

Akina mama wauza api waliisikiliza amri hadi mwisho. Doña Remigia, ambaye siku hizo aliuza kwa kikapu kama mgeni katika mji wake, aliomba msomaji amrudishie ile sehemu ya katikati, akamrudishia.

Tarehe ishirini na nne kulikucha na baridi na jua kali. Wakili Urquidi alishuka garini, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, akasema ataanza kazi saa nane, maana hata yeye ana gari dogo la kununua. Watu wakampenda hapohapo.

Saa sita ilipokaribia, Meya alikaa kwenye meza yake mbele ya kanisa. Hiyo ni desturi ya mameya wote wa Sallapampa. Siku hiyo kiongozi huchekana na watu wake: unamletea hati yako ndogo ya nyumba uliyoinunua mezani, anaisaini, anaipiga muhuri, anakutania, unampigia kura. Wengine hutumia muhuri wa mbao wa kuchezea. Meya Abundio alileta ule wenyewe wa ofisini, kwa kuwa ule wa mbao, alisema, haupigi vizuri kwenye picha.

"Wewe umenunua nini? Shahada! Ya uhandisi! Na kuhesabu mbuzi wako huwezi?" Muhuri, paa! Watu wakacheka. "Na wewe? Tiketi ya ndege ya Miami? Mumeo anajua?" Paa!

Ikafika zamu ya Doña Remigia. Alikuwa amevaa shali yake mpya. Akaweka mezani kikaratasi kimoja chenye nembo ya Sallapampa, kilichonunuliwa kwa mchonga masanduku wa pembeni, ambaye huchapa vyeo vya kila aina, kuanzia jenerali hadi askofu.

Meya alikisoma akapasuka kwa kicheko. "Jamani! Msikieni! Meya wa Sallapampa! Doña Remigia Yapura ndiye Meya wa Sallapampa! Mama, na uchu wote huo, api utamwachia nani?"

"Nitaipikia palepale ofisini, Don Abundio. Saini tu, mwanangu, saa sita isinipite."

"Haya, Mheshimiwa Meya!" Akasaini kwa mbwembwe.

"Na muhuri ukandamize vizuri. Nimechoka na vitu visivyosomeka."

Paa! Kengele za kanisa zikalia. Bibi wa ubani akakipitisha kikaratasi juu ya moshi, akakinyunyizia pombe na maua ya njano, akakinuizia kwa Kiaymara. Heriberto alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Meya. Aliona yote, akacheka, kwa kuwa bosi alikuwa akicheka.

Saa nane ukaguzi ukaanza. Kompyuta ikawashwa mbele ya Wakili Urquidi, majina mawili yakatokea, akahesabu kimoyomoyo, mashine ikachukua wa juu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaonyeshwa cheti kidogo. Akabadilisha miwani. Akapewa Amri, akaisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili kwa kidole.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Nani mwandishi?"

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Heriberto kwa fahari.

Mlango ukafunguliwa. Doña Remigia aliingia na akina mama wa soko nyuma yake, kofia kwa kofia, wengi kiasi kwamba wa mwisho walibaki kwenye ngazi. Akaweka mezani vikaratasi viwili.

"Shikamoo, Wakili. Hiki ni kibali cha kona yangu, ninacho na bado nikanyang'anywa sufuria. Na hiki ni cha kazi. Nimekuja kuanza."

Wakili Urquidi alikichukua cha pili, akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni, akasoma kwa sauti. Nembo ya Sallapampa. Jina la mhusika. Cheo, Meya. Saini. Muhuri. Akanusa. "Na pombe."

"Ni utani!" Meya aliruka kitini. "Ni Alasitas, Wakili! Kila mwaka tunafanya! Hii ni karatasi ya kuchezea, ya sherehe, ya…"

Mkaguzi alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa Amri, ule wa mtumishi atakayeikataa, kuicheka, au kuiita ya Alasitas.

"Amri yako inasema karatasi *yoyote*," alisema Wakili.

"Aliyeandika ni huyu! Msomi, mwambie. Mwambie tulikusudia vyeti vyetu, si hivi."

"Sawasawa," alisema Wakili Urquidi, akamgeukia Heriberto. "Mwandishi ndiye anayejua. Niambie basi. Karatasi ndogo, yenye nembo, jina, saini na muhuri wa Meya, iliyotolewa Sallapampa: ni halali, au si halali? Jibu moja kwa zote. Siwezi kwenda La Paz na majibu mawili."

Heriberto alifungua mdomo kusema si halali. Alikuwa mtumishi mtiifu, na Meya alikuwa akimtazama. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi mfuko wa shati, ukagusa kiberiti. Humo ndani palikuwa na miaka tisa. Palikuwa na barabara, makaburi, mbwa wa mitaani. Palikuwa na mama mkwe. Kama vikaratasi vidogo si halali, basi jioni ile angerudi nyumbani kaimu mkwe, na angekufa kaimu, na huenda hata kaburini angewekwa kwa muda tu. Alimtazama Doña Remigia, naye Doña Remigia alikuwa akimtazama kwa utulivu, kama mtu anayesubiri mlango aone utaelekea upande gani.

"Msomi!" alisema Meya.

"Ni halali," alisema Heriberto. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Zote. Udogo haupunguzi uzito."

Akina mama wakapiga vigelegele hadi kwenye ngazi. Meya alikaa. "Mimi nimechaguliwa na wananchi," alisema kwa unyonge. "Siwezi kuondolewa na mchonga masanduku."

"Nani amesema unaondolewa?" alishangaa Wakili Urquidi. "Mimi si mkaguzi wa kuondoa. Mimi ni mkaguzi wa kuishi pamoja. Wewe ni wa zamani, una kiti chako. Huyu ni mpya, ana karatasi yake. Manispaa hii imenionyesha leo, nasema kwa dhati, mfano bora kuliko yote niliyoiona wa kuwaweka wawili mahali pamoja bila kugombana. Raia akifika mlangoni ataulizwa anamtaka yupi. Ana sekunde kumi. Asipochagua, anapelekwa kwa wa juu."

"Na wa juu ni nani?"

"Mgeni anatangulia, nimeambiwa."

Akasaini ripoti, akala maandazi mawili ya jibini ya Doña Remigia, akaondoka na gari lake kubwa na lile dogo.

Meya mpya alianza na kona yake. Lile banda la buluu lilihamishwa na mwenyewe, aliyekumbuka ghafla kwamba ana mambo Oruro. Sufuria zikapatikana kwenye idara ya vyombo vilivyokamatwa, zikiwa zimepikiwa. Jambo la pili, Doña Remigia alimpigia simu Injinia Ondarza, akamlipa posho ya nusu siku na bakuli la api, na printa ikaanza kutoa vyeti vya ukubwa wa kawaida. Zile karatasi ndogo za zamani hazikuguswa. Amri ni amri.

La tatu lilimhusu Heriberto.

"Wewe barua yako naiheshimu," alimwambia. "Umethibitishwa. Kazi ya kudumu, hadi uzee, hakuna atakayekutoa. Ila barua imesema mkurugenzi, haikusema wapi. Nimekutafutia mahali panapokufaa."

Akampa kiti, meza ndogo, saa ya ukutani, na mlango wa mbele wa manispaa. Heriberto hukaa hapo kutoka asubuhi hadi jioni, akiwauliza wanaoingia wanamtaka meya yupi, akitazama sekunde. Kitambulisho chake kimeandikwa *Mkurugenzi*, kwa herufi kubwa. Mama mkwe wake alikuja kukiangalia kwa macho yake, akakigusa, akatangaza kwa wageni siku ya Jumapili kwamba mkwe wake ana cheo. Heriberto husema ana furaha, na tukimtazama vizuri, huenda ni kweli.

Watu karibu wote husema "Doña Remigia" kabla hajamaliza swali. Wengine hukaa kimya kwa makusudi, wakifurahia kuona sekunde zikiisha.

Jumatatu moja alifika Don Abundio mwenyewe, amevaa tai, ameshika mfuko wa faili. Alitaka kupita moja kwa moja. Heriberto akanyoosha mkono.

"Samahani, Mheshimiwa. Utaratibu. Unamtaka meya yupi?"

"Msomi, usinichekeshe. Mimi ndiye Meya."

"Ni wawili, Mheshimiwa. Chagua tu. Sekunde kumi."

Don Abundio alirekebisha tai. Aliona kuna watu kwenye foleni nyuma yake wanamsikiliza, na fursa kama hiyo hajawahi kuiacha impite. Akajigeuza kidogo upande wao, akasafisha koo.

"Ndugu Mkurugenzi," alianza, "wananchi wenzangu, akina mama, vijana. Kabla sijatoa jibu ningependa kwanza tuwakumbuke wenzetu waliotangulia…"

Heriberto aliitazama saa hadi mshale wake ukatimiza sekunde kumi, kisha akasimama akamfungulia mlango wa kulia, ambako palikuwa panatoka harufu ya mdalasini na mahindi.

"Pita, Don Abundio. Doña Remigia atakuona."